Hoteli ya Kisiwani

Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, Kaliza alichukua mandazi yake mawili akaenda kukaa peke yake nyuma ya tangi la maji. Alikuwa na wiki sita mtaani Nyamirambo, Kigali, kwa shangazi yake fundi cherehani, na bado hakuwa na rafiki hata mmoja.

Siku moja Mwalimu Ntakirutimana akamwambia, "Kaliza, wewe ni mtoto wa kisiwani. Tueleze historia ya kisiwa chenu na vivutio vyake."

Kaliza alitazama nyuso arobaini. Kisiwa chao cha Ziwa Kivu kilikuwa kidogo mno, nani angekijali? Basi akakipamba. Akawapa hoteli ya ghorofa tano, jumba la mfalme na minazi ufukweni. Mdomo ulipofunguka, haukujua pa kukomea.

Kesho yake Shami, binti wa muuza sambusa, alimngoja langoni. "Baba amekubali! Likizo tunakuja kwenu, tuone hoteli."

Kaliza alifurahi, kisha akakumbuka alichosema. Huyu ndiye rafiki yake wa kwanza, naye angevuka ziwa lote kuja kukuta uongo.

Walipoingia darasani, alisimama. "Mwalimu, niliwadanganya," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hakuna hoteli. Babu wa babu yangu alivuka ziwa na ng'ombe wawili akikimbia njaa, ndipo ukoo wetu ukaanza pale. Wavuvi wetu wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, hupiga makasia wakiimba. Na ng'ombe wetu huogelea mpaka kisiwa cha jirani kula majani."

Darasa likaangua kicheko.

"Yewe! Ng'ombe iko naogelea?" Nasiri wa dawati la nyuma alipiga kelele. "Anaongeza uongo ingine!"

Hilo ndilo lililomuuma. Hoteli waliiamini, ng'ombe aliowachunga mwenyewe waliwakataa.

"Ni kweli, nimewaona kwa macho yangu," alisema mwalimu. Kisha akamgeukia Kaliza. "Lakini umeona, mwanangu? Ukitanguliza uongo, hata ukweli wako hukosa wa kuusadiki. Tena ulificha kitu kizuri kuliko hiyo hoteli yako."

Saa nne Kaliza alirudi nyuma ya tangi, bila kutarajia mtu. Akasikia hatua. Shami aliketi kando yake, akaimega sambusa vipande viwili, akampa kimoja.

"Sasa niambie," alisema. "Maji haiingiage ng'ombe kwa masikio?"