Tawi Nyuma ya Baiskeli

Kila Jumamosi Nafuna aliamkia kazi. Alifua sare yake ya shule, akateka mitungi miwili ya maji kwenye bomba la ploti walimoishi, kisha akamwogesha mdogo wake, ambaye alipigana na sabuni kama paka. Hakupenda hata moja kati ya kazi hizo. Alizimaliza zote kabla ya saa nne kwa sababu mama yake alikuwa na sheria moja isiyopinda: kazi kwanza, baiskeli baadaye.

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, kuukuu, tena nzito. Anko Austine, kaka ya mama yake, alimpa siku aliyojinunulia nyingine ya kubebea magunia ya maparachichi. Breki ya nyuma ilikuwa imekufa zamani, na ya mbele ilishika ilipojisikia. Majirani wa mtaa wao wa Makongeni, pale Thika, walikuwa na maneno mengi kuhusu msichana wa miaka kumi na miwili aliyeendesha kitu kama hicho hadi vilimani. Nafuna aliwasalimia wote kwa adabu, akapanda, akaenda zake. Walizungumza na vumbi.

Alikuwa na sababu ya kwenda. Ukitoka Thika kuelekea upande wa Gatanga, nchi inaanza kupanda na kushuka, bonde baada ya bonde, kahawa huku na migomba kule, na kila bonde lina njia za kuteremkia mtoni. Njia hizo hazikuchimbwa na mtu. Zilichorwa na mbuzi, na wachuma kahawa waliochoka kuzunguka barabarani, na maji ya mvua za masika. Wazee waliziona ni njia za kurudia nyumbani. Kwa Nafuna na wenzake, hizo zilikuwa mali.

Kila mteremko ulikuwa na jina, na sheria ya watoto hao ilikuwa kwamba aliyeteremka wa kwanza ndiye mwenye haki ya kuupa jina. Kulikuwa na Pasua Kaptula, uliopewa jina na Mwas, kiongozi wao, siku alipofika chini akiwa amevaa nusu ya alichoondoka nacho. Kulikuwa na Mama Nisamehe, wenye mchanga mwingi. Nafuna aliupenda zaidi ule ulioitwa Sukari, uliopita katikati ya mikahawa, mizizi ikigonga magurudumu taratibu, upepo wa mto ukikupiga usoni kabla hujauona mto wenyewe. Akiwa pale, hakuwa na sare ya kufua wala jirani wa kumsema.

Mteremko mmoja tu haukuwa na jina. Ulianzia kwenye tangi la maji juu ya shamba la kahawa, ukaporomoka kama ukuta, ukapotea vichakani, kisha ukatokea tena chini kabisa, karibu na daraja. Hata Mwas aliuchungulia tu, akasema ana njaa.

Jumamosi moja wavulana walianza utani wao pale juu. Mwas akasema, "Huu ni wa wanaume. Nafuna, wewe utatushikia maji."

Nafuna alihisi masikio yakiwaka. "Nendeni mkaningojee darajani," alisema. "Na msipepese macho."

Wakaenda kwa kuzunguka barabarani, wakicheka. Alipobaki peke yake, alitazama chini, kisha akaitazama breki yake. Nafuna hakuwa mjinga. Alikata tawi kubwa la mukima, ule mti unaopandwa kando ya mashamba ya kahawa, akalifunga nyuma ya keria kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwa tyubu. Alikuwa amemwona Anko Austine akifanya hivyo mara nyingi. Mtu mwenye magunia matatu nyuma haamini breki. Hufunga tawi, likaburutwa ardhini na kuishika baiskeli isikimbie.

Tawi lilifanya kazi yake. Nafuna alishuka polepole mpaka kwenye kona iliyofichwa na vichaka, akapita taratibu ukingoni mwa korongo lililokuwa hapo. Hapo alisimama. Kutoka pale hadi darajani mteremko ulikuwa wa kawaida, na wenzake wangemwona. Alilifungua tawi, akalisukumia kichakani, akaachilia breki. Akatokea mbio, vumbi nyuma, nywele zimesimama.

Wavulana walipiga mayowe. Kinyanjui, mdogo kuliko wote, mtoto wa miaka kumi, alirukaruka mpaka ndara zikamtoka.

"Ulishikaje breki huko juu?" Mwas aliuliza, macho yamemtoka.

"Breki gani?" Nafuna akajibu. "Niliiacha tu iende."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

Kisha akaupa mteremko jina: Mtasema Mchoke. Jina lilikuwa jibu kwa majirani wote, na kwa Mwas, na kwa kila aliyewahi kumwambia ashike maji. Lilikuwa tamu mdomoni. Kiapo ndicho kilichobaki kikimkwaruza kooni, lakini alikimeza.

Kufikia Jumatano shule nzima ilikuwa na habari. Kinyanjui ndiye aliyekuwa mtangazaji. Kila mapumziko alisimulia upya, na kila aliposimulia mteremko ulirefuka. Siku ya Ijumaa habari zikafika Ruiru kwa Wanyoike, binamu ya Mwas, mwenye baiskeli ya gia kumi na nane na helmeti nyekundu. Jumamosi alikuwa pale kwenye tangi pamoja na wenzake wawili.

Wanyoike aliuangalia mteremko kwa muda. Akamwangalia Nafuna. Akaiangalia ile baiskeli nyeusi.

"Na hii?" akauliza. "Bila breki? Zi, haiwezekani. Wacha uongo."

"Amini usiamini," Nafuna alisema, akikunja mikono. "Mteremko una jina, na jina ni langu."

"Basi teremka tuone."

Kabla Nafuna hajajibu, Kinyanjui alijipenyeza mbele na baiskeli yake. Ya kwake haikuwa na breki hata moja. Alipotaka kusimama, alikandamiza ndara ya mguu wa kushoto kwenye gurudumu la nyuma, na ndara hiyo ilikuwa imeliwa mpaka ikabaki nyembamba kama karatasi.

"Hana haja ya kuwaonyesha tena," Kinyanjui alisema, kidevu juu. "Hata mimi mdogo nitateremka. Nafuna ameshasema siri yake. Unaiacha tu iende."

Nafuna alimgeukia. "Kinyanjui, shuka."

"Siogopi."

"Shuka nimesema! Kuna... kuna nyuki huko chini."

"Wiki jana hawakuwapo?" Wanyoike akacheka.

"Mwenye shamba amekataza watu kupita."

"Ai, Nafuna!" Mwas akasema. "Sema tu unaogopa mtoto atakuvua taji. Muache ajaribu."

Njia ya mwongo ni fupi, na Nafuna alikuwa amefika mwisho wake. Kila uongo mpya aliotoa uligonga ule wa kwanza ukaanguka. Kinyanjui tayari alikuwa amekalia kiti, mguu mmoja chini, macho yanang'aa kwa imani. Na imani hiyo Nafuna ndiye aliyeipanda kwa mkono wake mwenyewe. Aliwaza kuhusu kona iliyofichwa. Kule, mvua ilikuwa imekula njia ikaacha korongo lenye mawe, na asiyeweza kupunguza mwendo angeingia humo kichwa mbele.

Alijua atakachopoteza. Wanyoike angeirudisha habari Ruiru ikiwa na mkia. Majirani wangepata la kusema mwezi mzima. Aliwachukia wote kwa dakika hiyo moja, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Akaenda mbele ya baiskeli ya Kinyanjui, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Nilidanganya," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikuiacha iende. Nilifunga tawi nyuma, likaburutwa mpaka kwenye kona. Nikalitupa kichakani ili msilione."

Wanyoike alipasuka kicheko, na wenzake wakamfuata, na hata Mwas akajishika mbavu.

"Tawi!" Wanyoike alisema. "Kama punda wa kulima!"

"Nilijua! Nilijua tu!" mwenzake mmoja akaongeza.

Machozi yalimjia Nafuna, akayakatalia. "Chekeni," alisema. "Chekeni mpaka mshibe, kisha mnifuate kwa miguu. Nataka mwone mlimotaka mtoto aingie."

Aliziacha baiskeli zote juu, akatangulia. Walimfuata wakicheka, lakini njia iliwanyamazisha hatua kwa hatua. Mwas aliteleza mara mbili. Wanyoike alishuka sehemu nyingine kwa makalio. Walipofika kwenye kona, tawi lilikuwa bado pale kichakani, majani yamekauka, ukanda wa mpira umening'inia. Chini yake palikuwa na korongo, lenye kina cha kumzidi Kinyanjui kimo, na mawe yaliyochongoka kama meno.

Wanyoike aliivua helmeti yake polepole, akaitazama, kana kwamba anapima kama ingetosha.

"Sasa nitarudi juu," Nafuna alisema. "Nitakata tawi jingine, nitalifunga mbele ya macho yenu, na nitateremka. Anayeona ni aibu, ateremke bila tawi."

Wakarudi wote juu, naye akafanya hivyo. Alilifunga tawi wakimwangalia, akaukaza ukanda kwa meno, akateremka, na lile tawi likikwaruza ardhi nyuma yake kwa kelele ya kusikika bonde zima. Hakulifungua kwenye kona. Alilivuta hadi darajani kabisa, likiwa wazi kwa yeyote wa kuliona.

Darajani alimkuta Anko Austine, ameegemeza baiskeli yake na maparachichi kwenye ukingo, akipumzika kabla ya kwenda sokoni Makongeni. Tawi lake mwenyewe lilikuwa bado limefungwa. Alitazama la Nafuna, akatikisa kichwa.

"Fundo lako limelegea," alisema. "Lakini tawi ni zuri."

Wengine walipofika kwa kuzunguka barabarani, waliokuwa na ndimi za kusimulia wakasimulia. Austine alisikiliza yote bila kukatiza. Wanyoike alipomaliza sehemu ya punda, Austine akamgeukia.

"Mimi nafunga tawi mwaka wa kumi huu," alisema. "Napita nalo sokoni, napita nalo mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Umewahi kusikia Austine ni mwoga?"

"Hapana, Anko."

"Basi."

Nafuna aliinua kichwa. Alijiona ameshinda. Alitaka kucheka, alitaka kumwambia Wanyoike arudi kwao na gia zake kumi na nane. Hapo ndipo Austine alipomwashiria kando.

"Umefurahi?"

"Nimesema ukweli, Anko. Mbele ya wote. Hata sikulia."

"Nimesikia. Na yule?"

Nafuna aligeuka. Kinyanjui alikuwa ameketi peke yake kwenye jiwe kando ya mto, mgongo kwao. Hakuwa amecheka na wengine. Hakuwa amesema lolote tangu kule juu.

"Yeye hajakasirika," Nafuna alisema haraka. "Nimemwokoa."

"Umemwokoa na nani?"

Nafuna alimtazama tena Kinyanjui pale kwenye jiwe.

"Sikiliza, wewe msichana," Austine alisema, sauti imeshuka. "Kufunga tawi ni akili. Ulilificha, hapo ndipo ulipokosea. Ukificha kilichokusaidia, anayekufuata anakuja bila hicho, na anavunjika kwa niaba yako. Umerekebisha hilo leo, na ulihitaji moyo kulirekebisha. Lakini kichwa chako ni kigumu, na mimi nakipenda hivyo hivyo. Jifunze tu wa kumkazia. Wanaokudharau, wakazie mpaka wachoke. Uliyemdanganya, huyo mlegezee."

Mita ishirini zile hadi kwenye jiwe zilikuwa ndefu kuliko mteremko wowote. Nafuna alizitembea. Akaketi kando ya Kinyanjui, akatazama maji kwa sababu hakuweza kumtazama yeye.

"Nisamehe," alisema. "Uliniamini, na ungeumia vibaya kwa ajili yangu. Nimeogopa sana leo."

Kinyanjui alitupa kijiwe mtoni. Kingine. "Niliwaambia darasa zima," alisema kwa sauti ya kukwama. "Nilimwambia hata mwalimu."

"Jumatatu nitakuja darasani kwenu niwaambie mimi mwenyewe."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Kinyanjui alimgeukia kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nitasimama na wewe," alisema. "Lakini bado nimekukasirikia."

"Kasirika," Nafuna akamwambia. "Una haki."

Siku ya Jumatatu, wakati wa mapumziko, walisimama wawili mbele ya darasa la Kinyanjui. Nafuna alisimulia habari yote, pamoja na tawi na kiapo. Walicheka, kama ilivyotarajiwa, na mvulana mmoja nyuma akalia kama punda. Nafuna alingoja wamalize, mgongo umenyooka, kisha akautoa ukanda wa mpira mfukoni, akaanza kuwaonyesha jinsi fundo linavyofungwa.