Nafasi ya Upande wa Kushoto

Mshale ulitoka nje ya kioo cha kompyuta.

Rodah alikuwa ameusukuma tu kwa kipanya ili usimzibie maandishi. Alidhani utafika kwenye ukingo wa kushoto na kusimama. Haukusimama. Picha yote ilianza kuteleza, maneno yakasogea kulia polepole, na mahali pake pakaingia rangi ya kijivu, tupu kama ukungu unaofunika majani ya chai asubuhi. Akaurudisha haraka.

Ilikuwa mwaka wa 1998, katika ofisi ndogo ya ushirika wa wakulima wa chai, si mbali na Kapkatet. Kompyuta ilikuwa moja tu. Kabla ya Rodah, aliyeitumia alikuwa Phelis, dada ya mume wake, aliyefariki mwaka uliotangulia akijifungua, yeye pamoja na mtoto wake. Macho ya Phelis yalikuwa mabovu. Alisoma pua yake ikikaribia kugusa kioo, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na bado alipata nafasi ya kumfundisha wifi yake kuchapa, kila Jumamosi, bila kumcheka hata mara moja. Hata sweta ambayo Rodah alivaa alipokuja kuomba kazi ilikuwa ya Phelis.

Siku hizi Rodah alikuja na mtoto wake mchanga, Chepngetich. Alimlaza kando ya meza, ndani ya katoni iliyotandikwa shuka. Hakuna aliyelalamika. Meneja mwenyewe ndiye aliyeleta katoni.

Fundi Mokaya aliitwa kutoka Kisii.

"Haijaharibika, mama Chep," alisema. "Imepangwa ionyeshe nafasi kubwa kuliko kioo. Marehemu alikuwa anataka herufi kubwa, sasa mimi nikamwekea mahali pa kusogeza. Nitaitoa."

Akafungua faili inayoieleza skrini ionyeshe upana gani, akabadilisha, akanywa chai, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata nafasi ilikuwa imerudi. Tena ilikuwa imeongezeka.

Mokaya aliporudi alijicheka. "Ni makosa yangu. Hiyo faili unarekebisha bure. Kila ukiwasha mashine, inaiandika upya yenyewe, kutoka kwa mipangilio iliyohifadhiwa huku ndani. Ukifuta hapa na kule bado iko, itarudi tu."

Akaingia huko ndani. Kicheko kikamkauka.

"Nani ameguza hapa? Mimi niliongeza kidogo tu upande wa kushoto. Sasa ni kama vioo vitatu."

"Hakuna mtu anaguza isipokuwa mimi, na hata sijui mlango wa kuingilia huko."

"Basi uko na jini, mama. Mlishe ugali atulie," alisema Mokaya. Lakini alifuta mipangilio ile kwa haraka, na alipoondoka alisahau kofia yake.

Siku iliyofuata nafasi ilikuwa pale pale, pana zaidi.

Na mtoto alikuwa ameacha kunyonya.

Alianza kwa kugeuza uso. Kila Rodah alipompa titi, Chepngetich alilitazama kama kitu cha mtu mwingine, kisha akageuza macho kushoto, upande wa ukuta. Hakulia. Hilo ndilo lililomwogopesha mama yake. Hospitalini walimpima, wakamwona amepungua sana, wakasema hawaoni ugonjwa. Nesi mmoja aliyekuwa akimaliza zamu alivua kitambaa chake cha shingo akamfunga mtoto miguu, kwa sababu ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. "Endelea kumpa titi tu, dada," alimwambia. "Usichoke." Wakati wa kutoka alimvuta Rodah pembeni. "Akifika mwisho wa wiki hivi hivi, sijui."

Alasiri moja mvua ilianguka ghafla juu ya mabati, na ofisi ikawa na giza kama la jioni. Wengine walikuwa wameenda kupokea majani kwenye banda la kupimia. Rodah alisikia harufu. Ilikuwa ya kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha: ule mkaa wa kusugulia ndani, na maziwa yaliyolala. Hakukuwa na kibuyu ofisini. Kompyuta ilianza kulia sauti nyembamba, kama mbu aliyeingia sikioni, na mshale, ambao hakuwa ameugusa, ukaanza kwenda kushoto.

Angeweza kuchomoa waya, na mkono wake ulikuwa tayari unaelekea kwenye waya, lakini alitaka kujua kilichokuwa kinamchukua mtoto wake, kwa hivyo aliacha picha iteleze, maandishi yakaondoka yote, kijivu kikaja, kikaendelea kuja, kikazidi kuwa cheusi kadiri kilivyokwenda mbali, mpaka kioo chote kikawa kama maji ya kisima, na ndani yake Rodah akaona ofisi yao, akajiona yeye mwenyewe, akaona dirisha na mvua, na kushoto kwake, pale ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta, akamwona mwanamke ameketi kwenye kiti, kichwa ameinamisha upande mmoja, uso ameusogeza karibu sana na mtoto aliyempakata, na mtoto huyo ananyonya.

Rodah aligeuka. Kulikuwa na ukuta.

Akatazama kwenye katoni. Midomo ya Chepngetich ilikuwa inavuta hewa, taratibu, kwa utamu. Tone lilikuwa linashuka kidevuni. Rodah akaligusa. Lilikuwa maziwa, baridi kabisa.

"Wifi," alinong'ona. "Asante. Najua unamsaidia. Lakini atakufa."

Mtoto aliendelea kumeza.

Rodah alimfunga mgongoni akakimbia kwenye mvua hiyo hiyo mpaka nyumbani. Mama mkwe wake, Chepkorir, alikuwa zizini anakamua.

"Mama, siku ya kumpa mtoto jina la wazee, mliita marehemu wote wa ukoo?"

"Tuliita."

"Na hakupiga chafya ya kukubali jina hata moja."

"Alipiga baadaye. Tulimwekea ugoro puani."

"Ulimwita Phelis?"

Maziwa yaliacha kulia ndani ya ndoo. Ng'ombe akageuza kichwa.

"Usinitajie huyo," alisema Chepkorir. "Wanawake waliniuliza, nikasema tumruke. Ningefungua mdomo ningelia mpaka leo. Si nimetoa nguo zake zote? Si nimetoa hata kitanda?"

"Mama, umetoa huku nje tu. Kule ndani bado yuko. Kila asubuhi anarudi, na hakuna mahali amewekewa." Rodah alimfungua mtoto akamlaza kwenye mapaja ya mama mkwe wake. "Mguse tumbo. Mguse tu."

Mama mzee aliweka mkono juu ya kile kitumbo kidogo. Kilikuwa baridi, na ndani kilijaa.

Midomo ilijaribu, ikashindwa, ikajaribu tena. Harufu ya mkaa na maziwa ilikuwa imeingia zizini, na yule ng'ombe alikuwa anarudi nyuma, kamba imekaza, macho meupe, akitazama kitu kilichosimama kushoto kwao.

"Phelis," Chepkorir alisema mwishowe, kwa sauti ya kumwita mtoto aliyechelewa kurudi. "Phelis wangu. Ni wewe? Basi ingia ndani, mama. Kuna mvua."

Chepngetich akapiga chafya.

Harufu ilikatika kama mlango umefungwa. Kisha mtoto akalia, kilio cha njaa, kikali, na Rodah akakaa pale pale kwenye matope akamnyonyesha, wanawake wote wawili wakilia naye.

Jumatatu kompyuta iliwaka vizuri. Rodah aliupeleka mshale kushoto. Ulifika ukingoni, ukasimama. Mokaya alikuja kuchukua kofia yake, akatazama mipangilio, akasema nafasi imekuwa sawa na kioo, na kwamba yeye hakufanya lolote, na tafadhali asiulizwe.

Alipoondoka, Rodah alimtoa mtoto kwenye katoni. Mashavu yalikuwa yameanza kurudi. Alinyonya akashiba, akaachia titi, akatazama juu.

Kisha Chepngetich, ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza bado, aliinamisha kichwa upande mmoja, akasogeza uso wake, polepole, karibu, karibu zaidi, mpaka pua yake ikakaribia kugusa ya mama yake, akafinya macho, na macho yake yakaanza kutembea juu ya uso wa Rodah kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kama mtu anayesoma.