Njia Panda ya Kambi ya Kokoto

Kila asubuhi Kiroboto alifagia ua, akaosha vyombo vya jana, kisha akampelekea bibi yake maji ya kunawa. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu mdogo hakuweza kukaa kitako. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda.

Baba yake alifanya kazi mbali kaskazini, kule ambako nyumba zinaisha, kisha miti nayo inaisha. Alikuwa mtu wa mashine ya kusaga mawe katika kambi ya kokoto. Kila Jumapili alipiga simu. Lakini sasa Jumapili zilikuwa zinapita kimya.

"Shangazi, mbona baba hapigi?"

Shangazi alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua macho. "Mtandao wa kule mbovu. Nenda shule."

"Hata jana ulisema mtandao."

"Na kesho nitasema mtandao! Mtoto gani huyu, maswali kama polisi."

Bibi, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, aliguna tu. Yeye na shangazi walijua. Baba alikuwa anaumwa kifua, vumbi la mawe limemjaa, na kambi imeahidi kumleta nyumbani gari likipatikana. Walimficha mtoto wakidhani wanamwonea huruma.

Kiroboto alivaa sare, akaaga, lakini shuleni hakwenda. Alikata kona hadi kituo cha mafuta ambako malori ya kaskazini hujaza matangi.

Madereva wa barabara ile wana desturi yao. Hawamnyimi mtu lifti, na swali lao ni moja tu: nani anakungoja? Ukiwa na wa kukupokea, wanakushusha unapotaka. Kama huna, hawakushushi mpaka penye watu.

"Nani anakungoja?" aliuliza dereva wa lori la saruji, mzee mwenye kitambi kilichogusa usukani.

"Baba. Ananingoja njia panda ya kambi."

"Na hiyo sare?"

"Tumefunga shule."

"Haya panda, mwalimu mkuu."

Walikwenda. Maduka yakaisha, mashamba yakaisha, ikabaki nchi tupu ya mawe na upepo. Dereva alimkatia mkate nusu, akamwimbia nyimbo za zamani kwa sauti ya kukwaruza. Walipofika njia panda, aliangaza macho huku na huku.

"Mbona simwoni baba yako?"

"Yuko nyuma ya kile kilima. Anakuja."

Dereva alisita. Lakini mtoto amesema anapokewa, na saruji inasubiriwa. Akampa chupa ya maji, lori likaondoka, vumbi likatulia. Hapakuwa na mtu. Hata ndege hakuwapo.

Kiroboto alishika njia ya kambini. Mara akaona pikapu nyeupe inakuja kutoka huko. Wakubwa wa kambi wakimwona na sare watamrudisha kabla hajamwona baba! Akajibanza nyuma ya rundo la mawe.

Pikapu ilipita polepole, kama iliyobeba mayai. Nyuma kulikuwa na godoro, mtu amelala kafunikwa blanketi, na mwenzake amemshikia mwavuli. Maskini, sijui nani kaumia, Kiroboto aliwaza. Akangoja ipotee, akaendelea kutembea.

Maji yalimwishia. Kambi haikuonekana. Alikuwa ameketi kando ya njia, midomo imekauka, boza la maji lilipotokea upande wa kambi. Dereva wake alikuwa mama mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani.

"We mtoto! Nani anakungoja?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Ba..." Akashindwa, akaangua kilio. "Hakuna, mama. Hakuna anayejua niko hapa. Namtafuta baba, yule wa mashine ya mawe."

Yule mama alizima injini. "Kumbe wewe ndiye Kiroboto, mtoto anayemtaja kila siku?" Akashuka, akamnywesha maji kidogo kidogo. "Mwanangu, baba yako anaumwa. Wamempeleka kwenu sasa hivi kwa pikapu."

"Nimeiona," alisema Kiroboto. "Nilijificha."

Yule mama alimpakia, akamsikiliza akisimulia habari ya dereva wa saruji. Mtandao ulipopatikana akapiga simu nyumbani kwao, akaeleza yote. Lakini boza ni zito, haliendi mbio. Walifika kesho yake asubuhi. Viti vya msiba vilikuwa vimeshapangwa uani.

Bibi alimpokea mlangoni, macho yamevimba. Alikuwa amefiwa na mwanawe, lakini alimkumbatia mjukuu kwanza.

"Alikuulizia tangu alipofika," alisema. "Simu ilipoingia kwamba umepatikana, alicheka. Ndipo akapumzika."

"Mimi ndiye niliyemuua, bibi."

"Hapana. Amekufa kwa vumbi, miaka yote ile bila kufunika pua. Hilo usilibebe. Lakini mmepishana njiani bila kuagana, na hilo ni kosa letu sote. Sisi tulikudanganya, ndiyo maana ukatoka. Wewe ukamdanganya yule dereva, ndiyo maana akakuacha porini. Ungesema kweli tangu mwanzo, asingekushusha pale. Ulipoisema kwa huyu mama, ndipo ukarudi. Kuanzia leo, mjukuu wangu, katika nyumba hii tutaambiana ukweli, hata ukiuma."

Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alijifunika uso kwa kanga. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Kiroboto alimshika mkono. Kisha akamgeukia bibi. "Aliumia sana?"

Shangazi alitaka kujibu haraka. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Ndiyo," alisema bibi. "Sana. Njoo jikoni nikubandikie maji ya kuoga. Nitakueleza yote."

Na maji yalipokuwa yanachemka, alimweleza yote.