Aparei Iliyokamuliwa Mara Tatu

Umulisa aliipua sufuria ya maharagwe kwa mkono wa kuume mtupu na wa kushoto wenye kitambaa, akaitembeza kutoka jikoni hadi mezani, akasimama nayo akimwuliza mume wake kama anataka na sombe ya majani ya muhogo. Maharagwe yalikuwa bado yanatokota. Mume wake, Ladislas, hakuinua macho. Alikuwa anasoma daftari, kaye yake.

"Weka," alisema.

"Niweke nini?"

"Chenye uko nacho."

Akaweka. Harufu ikapita juu ya meza, harufu ndogo kama ya nywele zilizogusa moto, na Ladislas akasema moyoni kwamba maharagwe yameshika chini. Tusimlaumu sana. Kwa miezi minne mwanaume huyu alikuwa kijijini Bihambwe kwa mwili tu. Alikuwa anachagua aparei ya foto.

Ile yake ya zamani, iliyopiga harusi na ubatizo wa nusu ya vilima vya Masisi, ilitumbukia ndani ya ndoo ya maziwa kwenye harusi ya watu. Bwana harusi alicheka, padri alicheka, hata ng'ombe tungeweza kusema alitabasamu. Aparei haikucheka. Tangu siku hiyo Ladislas akawa anapanda kila alasiri kilima kilicho nyuma ya nyumba ya kukusanyia maziwa, mahali pekee penye rezo, ameinua simu juu kwa mikono miwili kama hostia. Alisoma kwa nini megapikseli nyingi si lazima ziwe foto nzuri. Alisoma juu ya kapteri, kile kijicho cha ndani kinachopokea mwanga, na kwamba kikubwa kinaona gizani kuliko kidogo. Alisoma namna ya kuchunguza aparei ya okazi, iliyotumiwa na mwingine: uliza imepiga foto ngapi tangu izaliwe, mulika tochi ndani ya kioo utafute ukungu, piga foto ya mbingu nyeupe uhesabu vumbi. Yote aliandika. Ukimsalimia njiani ukamwuliza amelalaje, alikujibu kuhusu kapteri.

Mwishowe alimpata Papa Édouard, muuzaji wa vitu vya okazi pale Sake, na kwake aparei moja nyeusi, nzito, iliyopita mitihani yote ya kaye. Vumbi, hakuna. Ukungu, hakuna. Ulibaki mtihani mmoja, ambao haukuandikwa kwenye mtandao wowote.

Kwa ukoo wa Ladislas, ng'ombe hanunuliwi sokoni. Unamchukua kwako, unamkamua mara tatu, ndipo unasema ndiyo au hapana. Kabla hajaingia uani unauliza nani alimlea. Ukifika mlangoni unamwaga maziwa kidogo juu ya jiwe na kuita jina la huyo aliyemlea, ili mnyama asikie kwamba ametoka kwao na kufika kwao. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Ladislas hakuwa ameona namna nyingine ya kununua kitu kikubwa.

"Nani aliilea?" alimwuliza muuzaji.

"Kulea nini, Papa Ladislas? Ile iko aparei."

"Iko na mwenye."

"Ilikuwa ya Luc, fotografu wa Kalembe. Alikufa, bandugu yake banauzisha vitu." Papa Édouard alikuwa amekwisha kucheka, lakini wateja hawakuwa wengi. "Haya, ikamue siku tatu. Uniachie karati yako ya uchaguzi. Na kama itakutolea maziwa, uniletee kikombe."

Ladislas alifika nyumbani saa kumi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Akasimama mlangoni pa ua na kikombe cha maziwa, aparei shingoni, akamwaga juu ya jiwe. Akasema maneno ya baba yake bila kubadilisha hata moja.

"Luc, ingia. Hapa njo kwako. Tutakamua mara tatu, hatutapunguza."

Umulisa alicheka mpaka akashika ukuta. "Imekunywa?"

"Imelamba."

Alisema kwa utani. Alipoangalia chini, jiwe lilikuwa kavu, na jiwe kavu ndani ya ukungu wa Masisi ni kitu ambacho mutu anapaswa kusimama na kukifikiria. Yeye aliingia ndani kutafuta mwanga wa dirisha.

Kaye ilisema: jaribu aparei juu ya kitu unachokijua vizuri. Alichokijua vizuri kuliko vyote ni mke wake. Akauweka mkono wa kuume wa Umulisa juu ya meza, kiganja chini, vidole vimefunguka, akapiga. Kacha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kesho yake ndiyo siku ya sufuria.

Baada ya kula mvua ilianza. Jiko likawa giza kama ndani ya gunia, na Ladislas akafurahi, maana kaye ilitaka pia mtihani wa giza. Akamwambia Umulisa aweke mguu wake kando ya mafiga.

"Jana mukono, leo muguu. Uko naninunua ao uko nanunua aparei?"

"Kesho sura. Nataka mwanga wa asubuhi."

"Sura njo ya mwisho. Bon. Nitaosha."

Kacha. Mara ya pili.

Aliiondoa batri ili akaichaji kwenye sola ya jirani, akaitundika aparei msumarini ndani ya mfuko wake. Alipofika mlangoni, batri mkononi, akasikia nyuma yake, kutoka ndani ya mfuko: kacha. Akageuka. Mfuko haukutikisika. Harufu ya msitu ilikuwa imejaa chumbani, majani yaliyooza na moshi wa kuni mbichi, harufu ya upande wa Kalembe kule Walikale, ambayo haipandi kamwe hadi kwenye malisho.

Akairudisha batri, akawasha, akaanza kufanya alichojua kufanya: kukuza foto hadi mwisho ili aone kama iko safi. Mguu ulikuwa safi. Hata katika giza lote lile, kila mstari wa ngozi ulionekana, na kwa mara ya kwanza katika miezi minne alipata jibu, na jibu lilikuwa nunua. Akarudi kwenye ile ya kwanza ili alinganishe.

Mkono ulikuwa umefungwa ngumi.

Alifumba macho, akafumbua, akakumbuka vidole alivyovipanga kimoja kimoja juu ya ubao, akaikuza foto tena na tena mpaka akafika kwenye ngozi yenyewe, akaona vinyweleo vimesimama kama vya mutu anayesikia baridi, au anayesikia kitu chochote baada ya muda mrefu wa kutosikia, na alipokuwa bado anaangalia, ndani ya foto ambayo ilipigwa jana na ambayo hakuna kitu ndani yake kilichostahili kutembea, kidole gumba kikajisugua polepole juu ya kidole cha shahada, namna mutu anavyojaribu kitambaa dukani kabla ya kukinunua.

"Umulisa," aliita. "Kuja hapa. Nionyeshe mukono."

Alikuja. Alikuja akitabasamu, anaongea habari za mvua, na nyuma yake sakafuni akaacha alama nyeusi moja moja, za mguu mmoja tu, kwa sababu alikuwa amekanyaga kaa la moto na kaa lilikuwa limeshika kwenye unyayo na kuja naye. Kiganja chake cha kuume kilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka.

"Haiume," alisema alipoona macho ya mume wake. Akaangalia mguu. Kisha, kwa sauti ya chini sana: "Ladislas. Kwa nini haiume?"

Ladislas alifuta foto zote mbili. Aparei ikaandika kwamba hakuna foto. Ikapiga kacha yenyewe, na foto zikarudi, mkono na mguu, na baada yao nafasi ya tatu, tupu, inangoja.

Hakulala, lakini hilo tuliache, usiku ule haukuwa na kitu zaidi ya mvua. Asubuhi na mapema alimtafuta mutu wa Kalembe, na wa Kalembe pale Bihambwe hawakukosa, vita viliwaleta. Wakamwonyesha Mama Léontine, aliyeuza ndizi na sombe karibu na kanisa, mwimbaji wa koro, mwanamke ambaye wengine walimfuata kimya kimya kwa mambo ambayo koro haiimbi. Luc alikuwa mtoto wa kaka yake.

Mama Léontine alisikiliza amesimama. Hakutaka kuigusa aparei. Masimulizi yalipofika kwenye habari ya maziwa na jiwe alimshika Ladislas kifundo cha mkono.

"Ulimuita jina? Kwa mulango?"

"Njo vile tunafanyaka na ng'ombe, Mama."

"Ninyi batu ba ng'ombe." Hakusema kwa hasira. "Kwetu mufu wa mwaka huu jina yake tunafunga. Hatuitie mpaka matanga ya mwisho. Na ya Luc hatukumaliza, tulikimbia. Alikuwa iko nazunguka tu, hana mulango. Ukamufungulia."

"Anataka nini?"

"Mufu hasikie kitu. Moto, baridi, hakuna. Iko natafuta kusikia. Ulimupa mukono, anasikia na mukono. Ulimupa muguu. Akipata sura, macho, pua, mudomo, amemaliza mutu muzima. Bibi yako atabaki anatembea, anapika, anakuitika. Lakini ndani hamuna mutu."

"Basi sitapiga."

"Ulimuambia mara ngapi?"

Ndani ya mfuko, begani pake, kacha.

"Mara tatu," alisema Mama Léontine. "Hautapunguza. Njo vile ulisema. Kama haupige, atapiga mwenyewe."

"Nimupe ng'ombe. Iko moja ya ndugu yangu, ina sura nzuri kabisa."

Ulikuwa utani wa mwisho wa Ladislas, na tunauandika hapa kwa sababu hiyo. Mama Léontine alimtazama kwa huruma.

"Aliitwa na mutu, atachukua mutu."

Waliingia uani pamoja. Umulisa alikuwa ameketi kando ya dirisha, ameosha uso kama alivyoahidi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asioshe. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, mikono imelala mapajani kama vitu vya mutu mwingine alivyoombwa avilinde. Ladislas akaitoa aparei, na ilikuwa ya moto, moto wa mwili, na ilipotoka mfukoni kioo chake kikajizungusha chenyewe kikimtafuta yule mwanamke dirishani, na kidole cha Ladislas juu ya kitufe kikaanza kushuka bila yeye kukituma, na harufu ya msitu ikapanda mpaka kooni, na akasikia karibu na sikio lake pumzi ya mutu anayejizuia asicheke kwa furaha, kama mutu aliyesimama mbele ya mlango wa nyumba yake baada ya safari, na Mama Léontine ameanza kuita kwa Kinyanga maneno ambayo Ladislas hakuyajua ila jina moja katikati yake, na kidole kimebakiza unene wa ukucha, ndipo kwa nguvu zote za mikono iliyokamua ng'ombe tangu utoto akaigeuza aparei, kioo kikiangalia uso wake mwenyewe.

Kacha.

Mlangoni pa ua Mama Léontine akamwaga kikombe cha maziwa kutoka ndani kuelekea nje, mara moja. "Luc, umekamuliwa. Umepata sura, mukono na muguu urudishe. Toka." Mlango wa ua ukafunguka, ukajifunga. Migomba ikainama upande mmoja, upande wa Kalembe, na hakukuwa na upepo.

Kisha Umulisa akaanza kulia. Alilia kwanza kama mtoto, ameshika kiganja chake kwa kiganja kingine, akaruka kwa mguu mmoja, akaketi, akainuka, "Inauma, Mama, inauma," na katikati ya kilio akawa anacheka, machozi na makamasi pamoja, anamshukuru Mungu kwa kila lengelenge. Mama Léontine alikuwa ameivingirisha aparei ndani ya majani ya migomba aende nayo Kalembe siku njia itakapofunguka, na alipopita mbele ya Ladislas hakumwangalia usoni.

Umulisa akaja akiruka, akajitupa kifuani pa mume wake. Ladislas aliona mikono yake ikimzunguka. Aliona nywele zake chini ya kidevu chake, mwanga wa asubuhi umeingia vizuri kutoka kushoto, kila unywele uko wazi. Alingoja joto lake limfikie.

"Papa Ladislas," alisema Umulisa, amemwinulia uso uliolowa. "Nimepona. Haufurahi?"

Aliuangalia uso ule kwa muda. Aliufahamu wote, kila mstari. Alijua hapo watu husema nini.

"Nafurahi," alisema.