Majani ya Mzazi

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya migomba nilipowasha taa za mashine.

Ni mashine ya kukata nyasi, ile unayoikalia na kuiendesha kama trekta dogo. Hoteli yetu ya Machame inayo moja tu, na dereva wake ni mimi. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, na kesho yake palikuwa na harusi uwanjani. Meneja, dada Evelyn, aliniambia bila kuniangalia:

"Ukimaliza leo, alfajiri nenda Uru ukamwone mwanao. Usipomaliza, utasubiri harusi iishe."

Mke wangu Beatha alikuwa amejifungua binti huko Uru, kwa mama yake, mtoto wetu wa kwanza. Sikuwa nimemwona. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na mama yangu, Elisifa, alishatangulia. Mchana ule Beatha alinipigia. "Basi tumwite Elisifa, yaishe."

"Msimwite kitu. Nisubirini."

Jina la mama sikutaka lipite kwenye simu. Nilitaka nimshike mtoto, nimnong'oneze mwenyewe sikioni, kama baba alivyonifanyia mimi.

Nilikuwa nimechoka. Mgongo ulichoka, macho yalichoka, mikono ilishika usukani kwa mazoea tu.

"Baba mtoto!" Rogath, mlinzi wetu, aliniita kutoka getini. "Unakata nyasi au unakata usingizi?"

"Vyote."

Akacheka. Kisha akanisogelea, sauti ikashuka. "Taa hizo zinamulika mbele tu. Kule kwenye masale usipite."

Masale yale, mimea ambayo kwetu jani lake hupelekwa na mtu anayeomba jambo kubwa, yalibaki tangu uwanja huu ulipokuwa kihamba, shamba la ukoo wa watu. Yalipandwa juu ya kaburi.

"Amelala bibi Ndelilio," alisema Rogath. "Kijiji hiki, kila mwanamke aliyejifungua, yeye ndiye aliyemkatia majani ya ng'ombe. Mwenyewe hakuzaa. Hakuna aliyerithi jina lake."

"Sasa unanitisha ili iweje?"

"Sikutishi. Nakwambia pa kugeuzia mashine."

Akarudi kwenye jiko lake la mkaa.

Nikaendelea. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi... Nyasi zilitokea gizani, zikaingia kwenye mwanga, zikapotea chini yangu. Injini iliunguruma kama mtu anayembembeleza mtoto. Nadhani nilisinzia.

Trrrak!

Mashine ikatetemeka, ikazimika. Taa zikabaki zinawaka. Mbele ya magurudumu yalitapakaa majani mapana, yamechanika vibaya.

Masale.

Kimya. Halafu, mahali mwanga unapoishia, nikasikia...

Kwachu... kwachu...

Mundu ukikata majani.

Harufu ya moshi wa kuni ikanijia, na ya maziwa mabichi. Bibi mmoja alikuwa ameinama, kitenge kiunoni, miguu mitupu. Hakugeuka.

"Shikamoo, bibi." Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ndogo, kavu. "Usizime. Nimulikie kidogo. Nimechoka kukata gizani."

Nikamulika.

"Majani ya ng'ombe wa nani, bibi, saa hizi?"

"Ya mzazi."

"Mzazi yupi?"

Kwachu... kwachu...

"Wa Uru."

Nilitaka kukimbia. Lakini bibi alishafunga mzigo wake, akasimama kando yake, na akasema neno ambalo mtu aliyelelewa mlimani hawezi kulipa kisogo.

"Nitwike."

Nikashuka. Mzigo ulikuwa mzito, na wa moto, kama mnyama aliyelala. Nikauinua, nikamwekea kichwani. Mwanga ulitupiga kutoka nyuma. Nikatazama chini, kwenye nyasi. Kivuli changu kilikuwepo. Kivuli cha mzigo kilikuwepo, kimening'inia peke yake.

Chake hakikuwepo.

"Mtoto mmemwitaje?" akanong'ona.

"Bado... hana jina."

"Bado," akarudia taratibu, kama mtu aliyesogezewa kiti.

Taa zikazimika.

Rogath alinikuta nimeketi kwenye umande. Alipopitisha tochi yake, tuliona uwanja wote umekatwa, hadi kwenye ua. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu.

"Nilisikia mashine ikizimika," alisema. "Baada ya hapo, mundu tu."

Alfajiri nikaenda Uru. Mama mkwe wangu, Veronika, alinipokea mlangoni na bakuli la mtori wa ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefanya jambo jema kumtuma yule bibi."

"Bibi gani?"

"Aliyeleta majani jana usiku. Maskini, amechoka hata kusimama hawezi! Akakaa hapo, akampakata mtoto."

Nikatazama zizini. Ng'ombe alikuwa anatafuna. Mzigo ulikuwa bado nusu, umefungwa kwa jani la sale lililochanika, na kwenye jani palikuwa na grisi nyeusi. Grisi ya mashine yangu.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alitoa sale, akaomba mtoto apewe jina lake."

"Mkamjibuje?"

Veronika alinishangaa. "Mtu akuletee sale, umkatalie? Tangu lini? Na wewe ndiye uliyekataza tusimwite Elisifa. Tukajua umeshapanga na huyo bibi."

Ndani, Beatha alikuwa amelala chali, uso umelegea kwa uchovu na furaha.

"Njoo, baba. Mshike Ndelilio."

Nikamshika. Alikuwa mwepesi mno. Nikainamia sikio lake, nikamnong'oneza jina nililolibeba toka Machame.

"Elisifa."

Hakutikisika. Kope hazikucheza. Hata pumzi sikuiona.

"Elisifa... mama..."

Hakuna.

Nilikaa hivyo muda mrefu, Beatha ananitazama. Mwishowe nikasema lile lingine.

"Ndelilio."

Akafumbua macho. Nywele zake zilinuka majani mabichi. Alinitazama polepole, kama mtu aliyetembea njia ndefu na mzigo kichwani, na sasa ametuliwa. Kisha akapiga mwayo. Mwayo mrefu, wa kizee.