Kiti cha Mama Mkubwa Fosca

Haya sikusimuliwa. Yalimpata mama yangu mzazi, jikoni kwetu, mchana kweupe.

Jumapili nyumbani kwetu, kwenye vilima vya Monferrato, huanza na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi. Kufikia saa sita mchana magari ya watu wa mjini, wa Torino, yamejaa uani na wenyewe wameshakaa, wanasifu mashamba ya mizabibu utadhani wameyapalilia wao. Mkahawa wetu ni ukumbi mmoja ndani ya nyumba ya shamba, viti arobaini. Cha arobaini na moja, kichwani mwa meza ndefu, kilikuwa cha mjomba Gualtiero. Alikuwa akikaa hapo akimimina mvinyo na kuwaambia wageni kwamba hapa wanakula na familia.

Familia. Basi niwaambie familia ilikuwa nani. Ilikuwa Mama Mkubwa Fosca, dada mkubwa wa mama na wa huyo mjomba. Miaka arobaini na minne alisukuma tambi, akachemsha nyama, akaosha masufuria, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Alikula amesimama mbele ya jiko la kuni, bakuli mkononi, mgongo kaupa mlango. Babu alipokuwa hai, akimwona anavuta kiti, alimuuliza, "Nani amekwambia ukae?" Babu akafa, mjomba akarithi kiti, akarithi na swali. Walisema ni utani. Mimi nasoma sheria, na kwenye midahalo ya chuo nimewabana watu kwa makosa madogo kuliko hilo: utani unaotiiwa miaka arobaini ni amri.

Mbele ya jiko, vigae vya udongo vilikuwa vimeliwa. Vibonyeo viwili, umbo la nyayo. Mama alipopiga deki, maji yalibaki humo.

Mama Mkubwa alifia hapohapo mwezi wa nane, ameegemea ukuta. Mama alimsemesha kitambo kizima kuhusu chumvi kabla ya kugundua.

Kwetu, jioni ya tarehe mosi Novemba, tunawaandalia meza wafu wa nyumba. Kila mmoja anawekewa sahani, mkate na glasi ya maji, pale alipozoea kukaa. Tukaweka ya babu, ya bibi, ya marehemu mke wa mjomba. Mama akabaki na sahani ya nne mkononi.

"Ya Fosca naiweka wapi?"

Mjomba akafikiri. Alifikiri kwa dhati, simsingizii. "Huyo hakuwa na mahali, Ornella. Ukimweka pa mtu mwingine, unamkosea mwenye pake."

Mama akairudisha sahani kabatini. Na mimi, mdomo wote huu, nilikuwa nimechoka na safari ya kutoka chuo. Nikanyamaza. Hilo sijajisamehe.

Asubuhi, magoti ya mama yalikataa kukunjika.

Daktari alimpiga picha, akasema mifupa ni mizima. Tukamlaza. Tulipogeuka, kitanda kitupu. Tulimkuta jikoni amesimama, amelala usingizi, nyayo zake zimetulia ndani ya vile vibonyeo kama miguu ndani ya viatu. Tukamlaza tena. Ikawa vilevile. Siku ya saba miguu ilikuwa imevimba, vidole vimeiva weusi. Daktari akaniita pembeni: damu inaganda, asipopumzika wiki hii atakatwa miguu, akichelewa zaidi atakufa.

Nilimsogelea mama, nikamnong'oneza, "Unasikia nini?"

"Kila nikitaka kukaa, kuna mtu ananiuliza swali."

"Swali gani?"

"Unalijua, Delfina."

Nikamwendea mjomba. "Mwekee dada yako sahani."

"Wapi?"

"Kwenye kiti chako."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wakili wangu, si usubiri nife kwanza? Kiti cha baba hiki. Mama yako anahitaji dawa, hahitaji mdahalo."

Tarehe kumi na moja ni sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ya kufungua mvinyo mpya. Ukumbi ulijaa. Mama alikuwa jikoni akipakua, uso kama majivu, na hakutaka nimsaidie hata kubeba sufuria. Nilifungua kabati nikatoa ile sahani ya nne. Nikakata mkate. Nikajaza glasi maji. Nikaenda kuviweka mbele ya mjomba, nikaisukuma pembeni sahani yake.

"Mjomba, kwa heshima yako na ya wageni. Mama Mkubwa Fosca alikuwa anakaa wapi humu ndani?"

Wageni wakatabasamu, wakidhani ni maonyesho ya sikukuu.

"Delfina. Jikoni."

"Swali ni rahisi. Alikaa wapi?"

Akawatazama wageni, akainua mabega. "Alipenda kusimama. Nani angemzuia kukaa?"

Jikoni kikasikika kiatu.

Mama alikuwa amevaa raba. Hiki kilikuwa cha mbao. Mama Mkubwa alivaa vya mbao, na tulimzika navyo.

Hatua. Kimya. Hatua.

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyepita. Lakini mgeni wa kwanza, karibu na mlango, akavuta kiti chake mbele, bila kugeuka, bila kukatiza mazungumzo, vile mtu anavyompisha mpishi aliyebeba sufuria ya moto. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Kiti baada ya kiti, kando yote ya meza, kuja kwetu. Harufu ya vitunguu ikanijia usoni. Mjomba alikuwa ameacha kutabasamu.

Mgeni wa mwisho akavuta kiti.

Maji kwenye glasi yakapungua. Kidogo. Tena.

Sauti ikatoka nyuma ya mjomba. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, kama ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Nani amekwambia ukae?"

Mjomba akasimama.

Wakati huohuo kitu kikaanguka jikoni. Nikakimbia. Mama alikuwa amekaa juu ya kreti la viazi, magoti yamekunjika, ameyashika kwa mikono miwili, analia bila sauti.

Miguu yake imepona. Vidole viwili vilikatwa, lakini anatembea. Anakula amekaa, nami nakaa naye mpaka amalize.

Mjomba hajakaa tangu siku hiyo, na sasa ni Februari. Tukimlaza, tunamkuta jikoni mbele ya jiko, bakuli mkononi, mgongo kaupa mlango. Daktari anasema mifupa ni mizima. Mguu wa kushoto umeshakatwa. Anasimama kwa ule mmoja. Mama ananisihi nimwombee kwa dada yake. Nimejaribu. Mimi niliyeshinda midahalo mitatu mwaka jana nasimama mbele ya kiti kitupu na sina hoja hata moja. Maana kiti nilikichagua mimi. Na nilipokichagua sikuwa namfikiria mama peke yake.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Vibonyeo vya mbele ya jiko havipo tena. Vigae viko sawasawa kana kwamba vimetoka tanuruni jana. Mama akipiga deki, maji yanateleza yote. Lakini Jumapili iliyopita, wageni walipoondoka, niliinama kuokota uma chini ya kiti cha kichwani mwa meza. Sakafu ya ukumbi ni ya mawe. Kuna nyayo mbili pale, ndogo, zimebonyea ndani ya jiwe, zimekaa kwa raha, visigino pamoja, vidole vimeachana, kama za mtu aliyejiegemeza kitini.

Nikamwaga humo maji kidogo kutoka kwenye ile glasi yake, ambayo hatujaiondoa mezani. Yalibaki humo. Nilipoyagusa yalikuwa ya vuguvugu.