Onyo Lililowekwa Pasipo Pake

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia karakana ya mama yake mdogo, akavua viatu vilivyombana, akaketi kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kupanga mwongozo wa maonyo. Mama mdogo aliandika programu za kuendesha mkono wa chuma uliobeba magogo, na kompyuta ilimwonya kila ilipoona kasoro. Maonyo hayo yaliweza kuzimwa, kwa hiyo mwongozo uliyagawa mafungu mawili: ya hatari, yasiyozimwa kamwe, na ya unadhifu, kelele tu za kuchosha masikio.

Siku hiyo lilikuja onyo jipya: namba inayouongoza mkono wa chuma imezidi kipimo. Mahali pake palikuwa kwenye hatari, lakini kulipachika huko kulitaka kupanga upya ukurasa mzima, na nje wenzake walishaanza kuruka kamba. Chiriku akalibandika chini kabisa, mwisho wa unadhifu. "Onyo ni onyo tu," akajiambia, mguu tayari uko mlangoni.

Kesho yake Bonge, mwendesha mashine ambaye tumbo lake hufika kazini kabla yake, alichoshwa na kelele. Akatazama mwongozo, akazima maonyo yote ya unadhifu. Kompyuta ikanyamaza kama maji ya mtungini. Akawasha mashine.

Mkono wa chuma ukajizungusha kwa kishindo. Ukapasua meza, ukang'oa dirisha na fremu yake, ukamtupa Bonge ukutani kama nguo chafu. Gogo likapita juu ya kichwa cha Chiriku, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shule, likavunja mlango. Mama mdogo alipokata umeme, Bonge alikuwa kaketi vumbini, damu ikimchuruzika, mkono mmoja umevunjika, kwenye kiganja cha pili meno mawili.

"Nani kakutuma kuzima onyo la hatari?" Mama mdogo alishika ubao wa meza iliyopasuka.

"Mwongozo, mama."

"Unausingizia mwongozo wangu? Ukitoka hospitali usirudi hapa."

Ubao ukapanda. Chiriku akaung'ang'ania.

"Mama mdogo, nipige mimi. Ni mimi niliyeliweka onyo hilo pasipo pake. Nilikuwa na haraka ya kucheza."

Ubao ukashuka polepole.

Bonge aliporudi na bandeji, aliwakuta wawili hao wakipanga mwongozo upya, kila onyo kwenye fungu lake.

"Nisamehe, Bonge, nilipandisha ubao kabla ya kuuliza," alisema mama mdogo. Kisha akamgeukia Chiriku. "Ukitia sumu kwenye kopo la chumvi, mwanangu, usimlaumu mpishi. Anayepanga vitu anapangia mikono ya wenzake. Kazi kwanza, kamba baadaye."

"Na meno yangu je," aliuliza Bonge kwa mdomo uliovimba, "niyapange fungu gani?"

"La unadhifu," alijibu mama mdogo. "Hayo umeshayazima."